Uzi maalumu: Fildi nje ya nchi ukiwa bado digrii ya kwanza. Pesa iko wapi na inaombwaje

Mzee wa Faili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika Desemba naanza kupata ujumbe ule ule: "Mzee, nisaidie linki ya ufadhili wa fildi nje." Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa kwenye ofisi ya chuo inayopitisha maombi ya wanafunzi wanaotaka kwenda nje (chuo sitakitaja, msinichimbe). Naweka yote hapa ili nikiulizwa tena nitupie uzi huu nikalale.

Nianze na lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Ufadhili wa fildi kwa mtu wa digrii ya kwanza haukai kwenye tangazo moja kubwa. Ukiingia Google ukaandika "ufadhili" utaletewa Chevening, utaletewa Erasmus Mundus, utakesha unajaza, halafu unagundua zote ni za uzamili. Wewe uko mwaka wa pili au wa tatu na unataka wiki nane mpaka kumi na mbili tu. Pesa ya mtu kama wewe iko kwa mwenyeji: maabara, taasisi ya utafiti, kampuni, hospitali. Acha kutafuta mfadhili, tafuta mwenyeji anayelipa. Ukishampata, bajeti yako inabaki na tundu moja au mawili, na hayo yanazibika. Bajeti ambayo yote ni matundu hakuna mtu anaigusa, hata awe na roho ya huruma namna gani.

Sasa wenyeji wenyewe. Nataja wale ambao mlango wao uko wazi kwetu kweli.

OIST, chuo cha sayansi na teknolojia, iko Okinawa, Japani. Wanachukua wanafunzi wa nchi yoyote, sayansi karibu zote, miezi miwili hadi sita. Tiketi wanalipa wao, malazi wanakutafutia, na posho ya kila siku ipo. Maombi ni mara mbili kwa mwaka, dirisha moja hufungwa katikati ya Aprili na jingine katikati ya Oktoba. Hii naipenda kuliko zote kwa sababu haikulazimishi kiangazi cha wazungu. Nitaeleza chini.

KAUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Saudi Arabia, iko Thuwal kaskazini mwa Jeddah. Wana programu ya wanafunzi wageni wa utafiti, wa mwaka wa tatu na kuendelea, miezi mitatu hadi sita. Wanalipa tiketi, viza, nyumba, bima na posho ya mwezi. Watu wetu wanaijua kwa masters tu, hii ya fildi hawaigusi.

CERN, maabara kubwa ya fizikia pale Geneva, kwa watu wa fizikia, hisabati, kompyuta na uhandisi. Wanataka uwe umekamilisha angalau miaka mitatu ya chuo ifikapo kiangazi hicho, na nchi ambazo si wanachama zina mlango wao wa kuombea. Hufungwa mwishoni mwa Januari. Ushindani wake msiniulize.

Austria kuna ISTA, taasisi ya utafiti wa sayansi pale Klosterneuburg nje kidogo ya Vienna, wiki nane hadi kumi na mbili, na kuna shule ya kiangazi ya Vienna BioCenter kwa watu wa baiolojia. Zote mbili zinalipa, na zote hufunga mapema mwaka unapoanza.

Halafu kuna Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Hapa naomba mnisikilize, maana nimechoka kujibu. Erasmus+ ya kubadilishana wanafunzi huombi wewe Brussels. Chuo chako lazima kiwe na mkataba na chuo cha Ulaya, mkataba huo uwe na nafasi za idara yako, na chuo chako ndicho kinakuteua. Ukiteuliwa, posho ni kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi unayokwenda, pamoja na fungu la nauli linalokokotolewa kwa umbali. Mafunzo kwa vitendo yanaruhusiwa humo, si masomo ya darasani peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza usiulize mtandaoni. Panda ngazi uende ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, uliza: "Tuna mikataba gani ya Erasmus iliyo hai, na nafasi za mafunzo kwa vitendo zimo?" Kuna miaka nafasi zinarudi Ulaya hazijajazwa kwa sababu tangazo lilibandikwa ubaoni nyuma ya mlango.

Na ile ambayo mngeniuliza: REU za Marekani, zile nafasi za utafiti za kiangazi zinazolipwa na NSF (mfuko wa sayansi wa serikali yao), ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. RISE Germany ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, ni kwa wanaosoma vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Ukiwa unasoma Mlimani au Dodoma, hizo pita tu.

Kuhusu kalenda. Kiangazi cha Ulaya ni Juni hadi Agosti. Sisi mwezi wa saba mtu yuko kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Kila mwaka kuna kijana anapata nafasi inayoanza katikati ya Juni, anabaki anashika kichwa: aache mtihani au aache safari? Kabla hujaomba popote chukua almanaki ya chuo, tazama UE inaisha lini, kisha andika kwenye maombi kabisa kwamba unaweza kuanza tarehe fulani. Maabara nyingi zinakubali kusogeza wiki tatu au nne ukisema mapema. Programu zenye kundi moja linaloanza siku moja hazisogezi, ndiyo maana nimesema OIST na KAUST zinatufaa.

Karibuni kwa maswali. Lugha ya heshima, tafadhali.

---

Binti_Uhandisi

Asante sana Mzee. Mimi niko mwaka wa tatu, umeme, GPA yangu 3.7. Nimeona KAUST wanataka 3.5, kwa hiyo nimepita au vipi?

Mzee wa Faili

Dada, hiyo 3.5 yao ni kati ya 4. Ya kwetu ni kati ya 5. 3.7 ya kwetu ni daraja la pili la juu, ni nzuri, ila usiiweke kwenye kisanduku cha wao kana kwamba ni kitu kimoja. Popote unapoandika GPA andika "3.7 kati ya 5.0", halafu kwenye transkripti hakikisha ukurasa wa maelezo ya madaraja umeskaniwa nao. Huo ukurasa wa nyuma watu hawauskani kabisa. Msomaji wa kule anaona B nyingi, hajui kwamba hapa kwetu A inaanzia wapi na wangapi darasani wameipata.

Na kama fomu inalazimisha namba ya kati ya 4, usijigeuzie mwenyewe kwa kugawanya na kuzidisha. Waandikie uwaulize wanatumia utaratibu gani. Wanajibu.

---

Mchoma Mkaa

Mzee umeandika vizuri lakini tuseme ukweli. Haya mambo ni ya watoto wa wakubwa. Mtoto wa mkulima wa Mpwapwa anapata wapi hela ya tiketi hata kama watamrudishia?

Mzee wa Faili

Mkuu, nusu ya unachosema ni kweli na sitakipaka rangi. Hebu tupige hesabu ya mtu mmoja, mfano tu, anayekwenda maabara ya Ulaya kwa wiki kumi. Mwenyeji amekubali kumlipa posho inayotosha chumba na chakula, na atamrudishia nauli akileta risiti. Nachukua euro moja kwa shilingi 3,000 ili tusihangaike na vichenji.

Pasipoti 150,000. Viza ya Schengen euro 90, yaani 270,000. Tiketi ya kwenda na kurudi, tuweke milioni 3. Na kuna kitu hakiandikwi kwenye tangazo lolote: posho ya kwanza inaingia mwisho wa mwezi, wakati mwingine mwezi wa pili, kwa sababu akaunti ya benki bado. Kwa hiyo anahitaji kama euro 600 mfukoni za kuanzia, hiyo ni milioni 1.8. Jumla 5,220,000.

Kijana anaandika barua: "Naomba msaada wa shilingi 5,220,000." Anaipeleka kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge, kwa benki, kwa kampuni ya simu. Kimya.

Itazame tena. Milioni 3 zitarudi akikabidhi risiti. Milioni 1.8 zitarudi posho ikishaanza kuingia. Kinachopotea kabisa ni 420,000 za pasipoti na viza. Kwa hiyo huyu kijana haombi msaada wa milioni tano. Anaomba laki nne na ushee za msaada, na mkopo wa miezi minne wa 4,800,000 wenye barua ya mwenyeji kama dhamana. Hayo ni maombi mawili tofauti yanayokwenda kwa watu wawili tofauti. Mkopo unaweza kutoka SACCOS ya mzazi, unaweza kutoka kikoba cha mama na shangazi zake, nimeona mradi wa utafiti wa mhadhiri ukifanya hivyo. Laki nne ukoo unachanga.

Na kabla ya yote hayo kuna swali moja la bure la kumwuliza mwenyeji: "Je, taasisi inaweza kununua tiketi moja kwa moja badala ya kunirudishia?" Wengi wana wakala wao wa safari, wanakukatia. Hawafanyi hivyo kwa sababu hakuna aliyewaomba. Mwanafunzi wa Ulaya ana kadi ya benki, analipa, anasubiri, kwao ndiyo kawaida. Wewe waambie hali yako kwa sentensi mbili bila kulia.

Mchoma Mkaa

Hapo kwenye mkopo na msaada nimekuelewa. Ila kikoba cha mama yangu riba yake asilimia kumi kwa mwezi 😂

Mzee wa Faili

Basi anza na swali la bure.

---

Kijana wa Juja

Salamu kutoka Kenya. Niongeze IAESTE, shirika la kubadilishana wanafunzi kwa mafunzo ya kazi, kwa watu wa uhandisi na sayansi. Ni shirika la zamani, lilianzishwa 1948 kule London, na huku kwetu ofisi yake iko chuo kikuu cha JKUAT, Juja. Utaratibu wake ni wa kupeana: kampuni au chuo cha hapa kikichukua mwanafunzi mgeni, nasi tunapata nafasi kule. Mwajiri wa kule anakulipa posho ya kujikimu. Tiketi ni yako.

Siri yake ni hii. Nafasi zinazopatikana zinategemea nafasi ambazo nchi yako imeleta mezani. Kwa hivyo wale wanafunzi wanaozunguka Nairobi na Thika kutafuta kampuni zitakazopokea wageni ndio hufikiriwa kwanza nafasi za nje zikigawanywa. Mwenzangu alishawishi karakana moja ndogo ya vyuma ichukue Mjerumani, mwaka huo huo naye akaenda. Hakuwa na alama za kutisha.

Jambo jingine: watu huku hukimbilia UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UM), pale Gigiri wakidhani UM inalipa. Sekretarieti ya UM na mashirika yake kama UNEP hailipi wanafunzi wa mafunzo. WHO, UNICEF, ILO na FAO ndio hutoa posho. Soma tangazo hadi chini kabla hujashona suti.

Binti_Uhandisi

Kaka, na sisi Bongo IAESTE ipo?

Kijana wa Juja

Ipo. Anzia kitivo cha uhandisi pale UDSM, uliza nani anaishughulikia mwaka huu, maana kamati za wanafunzi hubadilika.

---

Dada wa Maabara

Hamjambo humu. Mimi niko Ujerumani, nafanya uzamivu kwenye maabara ya biokemia, na bosi wangu hunipa nisome barua pepe za wanafunzi wanaoomba kuja. Naomba niseme zinavyoonekana upande huu.

Kwa wiki zinaingia nyingi. Nyingi zinaanza na "Mheshimiwa Profesa" bila jina, au mbaya zaidi zina jina la profesa mwingine ambaye mwombaji alimwandikia dakika tano kabla. Aya ya pili inaeleza tangu alipokuwa mdogo alivyoipenda sayansi. Aya ya tatu inaeleza umaskini wa nchi yake. Kisha kuna viambatanisho saba, vingine ni picha za simu zimelala ubavu. Bosi hafungui hata kimoja.

Ile iliyojibiwa mwaka jana ilitoka kwa kijana wa Mbeya. Ilikuwa na mistari kama kumi na miwili. Alisema ni nani na yuko mwaka gani. Alitaja makala moja ya maabara yetu, akasema mbinu ya kutenga protini tuliyoitumia ndiyo anayohangaika nayo kwenye mradi wake wa mwaka wa mwisho, na kwamba wao chuoni hawana mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi inayotakiwa, wanatumia ndogo na mavuno yanakuwa hafifu. Akaweka picha moja ya matokeo yake, mabovu kabisa. Bosi aliicheka ile picha halafu akasema, huyu ameshika pipeti kwa mikono yake. Mwisho aliandika tarehe anazoweza kuja na sentensi moja: je, maabara au taasisi ina utaratibu wa kuwalipa posho wanafunzi wageni, na kama haupo, profesa angemwelekeza kwenye mfuko upi?

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo dawa. Haombi hela, anaomba kuelekezwa. Na profesa wa huku mara nyingi ana fungu dogo ndani ya mradi la kulipa wanafunzi wasaidizi, ila hawezi kukumbuka mpaka aulizwe kwa namna hiyo.

Kitu kingine, tumieni anwani ya chuo. Anwani ya "handsomeboy" na mwaka wa kuzaliwa inaishia kwenye takataka kabla ya binadamu kuiona. Na viambatanisho unganisheni viwe faili moja la PDF lenye jina lenu.

Mzee wa Faili

Dada umemaliza. Naomba wanaosoma waipitie hii mara mbili kabla ya kuniuliza mimi kitu.

---

daktari_mtarajiwa

Sisi wa udaktari tuna njia yetu. IFMSA, shirikisho la vyama vya wanafunzi wa udaktari duniani, lina mabadilishano ya kliniki na ya utafiti, kwa kawaida wiki nne. Tanzania tunaingia kupitia TAMSA, chama cha wanafunzi wa udaktari cha hapa. Mwenyeji anakupa malazi na angalau mlo mmoja kwa siku, wewe unajilipia tiketi, viza, na ada ya kubadilishana. Si ufadhili kamili, ila gharama inashuka kwa nusu.

Ambacho hakisemwi ni kwamba mikataba hiyo ni ya nchi kwa nchi. Kama TAMSA imesaini na nchi fulani nafasi mbili, ni mbili tu. Nchi zinazopigiwa kelele ni za Ulaya Magharibi. Mimi nilichukua Misri. Tiketi nafuu, hospitali ina wagonjwa wengi kuliko uwezo wa wanafunzi kuwaona, na nilishona vidonda zaidi ya wenzangu waliokwenda kusimama nyuma ya madaktari wa kizungu wakitazama.

Mchoma Mkaa

Misri sasa hiyo ndiyo fildi. Wengine wanaenda kupiga picha na theluji.

---

Mama Neema

Samahanini vijana, mimi ni mzazi. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa kilimo. Amepata mtu anasema atampeleka Ulaya fildi ya shambani, yenye mshahara, lakini atangulize milioni moja na laki mbili kwa M-Pesa ya kushikia nafasi. Barua wamemtumia, ina mhuri. Nimpe? Na je, huko usalama wake ukoje? Maana tulisikia wale vijana wetu waliokuwa Israel.

Mzee wa Faili

Mama, shikamoo. Usitume hata shilingi.

Mwenyeji wa kweli hakushikii nafasi kwa pesa kupitia namba ya simu ya mtu. Ada zinazolipwa kihalali zipo: za viza zinalipwa ubalozini au kwa wakala wake rasmi, za pasipoti zinalipwa serikalini kwa namba ya malipo, na baadhi ya mashirika ya kubadilishana yana ada yao iliyoandikwa kwenye tovuti. Mtu akikwambia "tuma kwa namba hii leo kabla ya saa kumi", huyo ni mwizi. Mhuri mtu anachonga Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana.

Cha kufanya: chukua jina la shamba au kampuni iliyoandikwa kwenye barua, tafuta tovuti yake mwenyewe, usifuate linki aliyotuma yeye. Andika kwa anwani iliyoko pale, uliza kama wanamfahamu binti. Pia mwambie binti aende na barua hiyo ofisi ya chuo. Kama ni programu halali, chuo kitakuwa na makubaliano nayo au angalau kitaandika barua ya utambulisho. Wakala akikataa chuo kisijue, umeshapata jibu.

Kuhusu Israel, ni kweli na inauma. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kule kwenye mafunzo ya kilimo waliuawa, mashambulizi ya Oktoba 2023. Walikwenda kwa njia halali kabisa, hawakutapeliwa. Kwa hiyo uhalali wa programu ni jambo moja na usalama wa mahali ni jingine, na mzazi ana haki ya kuuliza yote mawili. Uliza shamba liko wapi hasa kwenye ramani, siyo nchi tu. Uliza bima inagharamia nini, na kama inagharamia kumrudisha mtu nyumbani akiumwa au ikitokea lolote. Uliza nani atapokea simu yako usiku. Akifika ajiandikishe ubalozi wetu wa huko.

Mama Neema

Marahaba mwanangu. Nimemwambia asitume. Huyo mtu sasa amezima simu.

---

Viza na Ndoto Zake

Mimi kazi yangu ni kusaidia watu kupanga nyaraka za viza, nichangie machache.

Moja, siku 90. Viza ya Schengen ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180, basi. Fildi ya miezi minne inahitaji viza ya kitaifa ya nchi husika, na hiyo inachukua muda mrefu zaidi. Vijana wanapewa ofa ya wiki 14 wanakwenda kuomba ya siku 90. Wahini kumwomba mwenyeji apunguze ziwe 12 au muombe ile kubwa mapema.

Mbili, kuwa na viza hakumaanishi ruhusa ya kulipwa. Kila nchi ina sheria yake kuhusu mwanafunzi wa mafunzo anayepewa posho. Mwenyeji ndiye anajua, na barua yake ya mwaliko iseme wazi: ni mafunzo, ni ya tarehe hizi, posho ni kiasi hiki, malazi analipa nani, bima analipa nani. Bima ya Schengen iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000.

Tatu, taarifa ya benki. Mzazi ana akaunti ina laki mbili miaka yote, wiki moja kabla ya miadi inaingia milioni sita. Afisa anaiona hiyo kabla hajaona jina lako. Kama ni mchango wa ukoo, andikeni barua ya mchango, kila mtu na kiasi chake, sahihi zao na nakala za vitambulisho. Ukweli uliopangwa vizuri unapita kuliko salio la kuazima.

Marekani ni habari nyingine, na kwa Watanzania viza hii ya J-1 ilisimamishwa kuanzia Januari 2026, kwa hiyo uliza kwanza kama imefunguliwa. Maabara ikikutaka kwa pesa yake, inakutengenezea karatasi za J-1 (viza ya wageni wa mafunzo na utafiti), ile fomu ya DS-2019, na utalipa ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wageni, dola 220 mbali na ada ya viza. Muulize mwenyeji kama ada hiyo wanaibeba wao. Wengi wanaibeba.

Binti_Uhandisi

Naomba kuuliza la majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, vyeti vya NECTA vina matatu, na kwenye NIDA jina la katikati limekosewa herufi moja. Itasumbua?

Viza na Ndoto Zake

Itasumbua, na ndiyo inayochukua muda kuliko vyote. Pasipoti inafuata NIDA na cheti cha kuzaliwa, ofa itafuata transkripti. Tiketi ikikatwa kwa jina la transkripti na pasipoti ina jingine, unarudishwa kaunta. Rekebisha NIDA kwanza, kisha kiapo cha majina, kisha pasipoti. Anza sasa, usingoje ofa.

---

Bumu Limekata

Wakuu, swali la sisi tunaoishi kwa Bodi ya mikopo. Nikienda fildi nje, pesa ya fildi ya HESLB naipata?

Mzee wa Faili

Pesa ya fildi inafuata orodha ambayo chuo chako kinapeleka. Kama idara imeidhinisha fildi yako ya nje kama ndiyo fildi rasmi ya mwaka huo, jina lako litabaki kwenye orodha. Kama umeenda kivyako bila idara kujua, umekuwa mtoro. Kwa hiyo barua ya idhini ya mkuu wa idara iwe mkononi kabla hujapanda ndege, na uende nayo kwa afisa mikopo umwulize utasainije ukiwa mbali. Usimwachie mwenzako nywila yako akusainie. Mnajua wenyewe yaliyowahi kutokea.

Idhini hiyo hiyo ndiyo itakayokuokoa ukirudi. Msimamizi wa kule ajaze fomu ya tathmini ya chuo chako, siyo cheti cha pongezi tu. Mwachie fomu wiki ya kwanza.

---

Binti_Uhandisi

Wakuu, mrejesho. Niliandika barua pepe nne kwa mtindo wa Dada wa Maabara. Mbili kimya. Moja amekataa kwa adabu. Ya nne, maabara ya umeme wa jua, profesa amejibu leo asubuhi. Anasema ana posho ya miezi mitatu lakini nauli hana, na anataka transkripti na jina la mhadhiri mmoja wa kunishuhudia kabla ya Ijumaa. Nimtaje mkuu wa idara? Ana cheo kikubwa ila hanijui hata kwa sura.

Dada wa Maabara

Usimtaje asiyekujua. Barua yake itasema "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" na itaishia hapo. Nani alikusimamia kwenye maabara au mradi?

Binti_Uhandisi

Mhadhiri msaidizi mmoja. Tulifunga naye paneli kwenye zahanati ya kijiji, mimi ndiye niliyekuwa napima betri kila jioni.

Dada wa Maabara

Huyo. Mpelekee leo aya moja ya kumkumbusha ulichopima na mlichogundua, ili aandike kwa mifano. Na ile rekodi yako ya betri iambatanishe pamoja na transkripti.

Mzee wa Faili

Na ukimjibu profesa, mwulize kama chuo chake kina mkataba wa Erasmus na chuo chako. Kama upo, nauli inaweza kutoka huko na posho yake ikabaki kama ilivyo. Jumatatu asubuhi nenda ofisi ya kimataifa ya chuo chako na barua yake mkononi, uulize upande wa huku pia. Transkripti uskani kurasa zote mbili.

Binti_Uhandisi

Zote mbili, na ya nyuma imo. Asanteni.